Jembe, Kalamu na Bunduki: Spitfire Iliyotolewa Kwenye Tope la Donegal

Tuanze na kisa chenyewe, maana si wote waliokiona.

Jumapili ya tarehe 30 Novemba 1941, rubani mmoja Mmarekani, Roland Wolfe, ambaye wenzake walimwita Bud, alikuwa anarudi kituoni baada ya kulinda msafara wa meli nje ya pwani ya Ayalandi. Alikuwa anaendesha Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, namba P8074. Zilipobaki kama maili 13 kufika kituo chake cha Eglinton, ambao leo ni uwanja wa ndege wa jiji la Derry, injini ikapata moto kupita kiasi. Akaruka kwa mwavuli, akatua salama. Ndege nayo ikajipigiza kwenye kinamasi cha mboji huko rasi ya Inishowen, jimbo la Donegal, ikazama, na tope likajifunga juu yake.

Juni 2011, karibu miaka 70 baadaye, wakaja watu na katapila. Walikuwamo wataalamu wa mambo ya kale, wapenzi wa historia ya ndege, wanajeshi wa Ayalandi wa kutegua mabomu, na kamera za BBC. Wakaitoa injini ya Merlin, kofia ya ngozi ya rubani, risasi kwa mamia, na bunduki sita za rashasha aina ya Browning. Mtangazaji alikuwa Dan Snow, na kazi yote ikaingia katika mfululizo wa BBC uitwao Dig WW2. Mabaki yenyewe yalipelekwa Tower Museum, mjini Derry.

Sasa utaniuliza: ndugu mhakiki, ndege na matope vinahusiana nini na blogu ya fasihi?

Vinahusiana sana. Kitu kikishatolewa ardhini hakisemi chenyewe, bali mtu husimama mbele yake na kukisimulia. Hapo hapo msuko unaanza: nani awe mhusika mkuu, kilele kiwe wapi, nini kiachwe nje. Hoja yangu leo ni kwamba kisa hiki cha Donegal ni kizuri kuliko namna kilivyosimuliwa. Tena, mita ya kupimia msimulizi wake iko palepale jirani, kwenye ushairi wa mtu aliyezaliwa katika jimbo linalopakana na hilo.

Tope lenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu mboji. Kwa wengi wetu neno hilo ni ile mbolea nyeusi ya shambani. Mboji ya Ayalandi ni jambo jingine. Ni mimea midogo ya majimaji iliyokufa mahali palipotota mwaka mzima, ikashindwa kuoza ikaisha kwa sababu hewa haifiki chini. Inarundikana taratibu, kama milimita moja tu kwa mwaka, kwa maelfu ya miaka. Wenyeji huikata kwa sepeto maalumu, vipande kama matofali, wakavianika na kuvichoma badala ya kuni. Wasomaji wetu wa Rwanda wanaifahamu kwa jina la nyiramugengeri, na Burundi nako huchimbwa.

Tabia yake kubwa ni kutunza. Maji yake yana asidi, ni ya baridi, na hayana oksijeni, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi. Ngozi ya mtu inabaki, ingawa mifupa inaweza kuyeyuka. Siagi iliyofukiwa karne nyingi zilizopita imetolewa ingali siagi. Na chuma kinachelewa kuliwa na kutu. Ndiyo maana bunduki za Wolfe zilitoka zikiwa na hali ambayo, kama zingeanguka kwenye mchanga wa kawaida wenye hewa na mvua, zisingekuwa nayo hata kidogo.

Watu wa pwani wanasema kilicho baharini kikangoje ufukoni. Kilicho kwenye mboji usikingoje popote. Hakiji chenyewe, sharti ukifuate na jembe. Na kukifuata ni uamuzi, maana yake unayefukua unawajibika kwa unachokifukua.

Filamu na kilele chake

Nianze na haki yake. Snow ni msimulizi anayejua kazi. Ana shauku ya mtoto na elimu ya mwanahistoria, na vyote viwili vinaonekana usoni mwake kila kipande cha chuma kinapochomoza. Uchimbaji wenyewe ni tamthilia tosha: shimo linalotaka kujaa maji, kuta za tope zinazotaka kuporomoka, watu waliopakaa weusi mpaka magotini. Unaona kwamba kufukua ni kazi ya mikono, si ya kompyuta. Kwa hilo, nampa maksi zote.

Tatizo ni msuko. Baada ya kupatikana zile Browning, wazo likaja: je, bado zinaweza kulia? Jeshi la Ayalandi likazichukua, zikasafishwa na kutengenezwa, na huko Athlone bunduki moja ikafyatuliwa. Ikalia! Risasi zikatoka kwa mfululizo, kama vile haijawahi kulala. Jambo hilo likawa habari kubwa. Hata makala ambayo Snow aliiandika kwa ajili ya BBC mwezi Novemba mwaka huohuo ilitangulizwa na bunduki katika kichwa chake cha habari.

Naelewa kwa nini. Kitu cha kale kikifanya kazi tena, moyo unaruka. Ni ufufuo. Lakini jiulize swali moja la kihakiki: bunduki ile inatuambia nini kuhusu kisa hiki? Wolfe hakutunguliwa na mtu. Hakukuwa na adui angani dakika ile. Kilichomwangusha ni injini iliyochemka. Bunduki zilikuwepo kwenye mabawa, ndiyo, lakini hazikuwa na kazi katika kuanguka kwake, wala katika yaliyomkuta baadaye. Kwa hiyo kilele cha filamu kinatoka nje ya hadithi. Ni kilele cha kuazima.

Na si mara ya kwanza ndege iliyoanguka tu kuvishwa nguo za vita. Wapo kati yetu wanaomjua Roald Dahl kwa vitabu vya watoto pekee. Kabla ya vitabu hivyo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapo Dar es Salaam, na mwaka 1939 aliendesha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940, akiwa na ndege aina ya Gladiator, aliishiwa mchana kwenye jangwa la Afrika Kaskazini akitafuta kituo ambacho hakikuwa pale alipoelekezwa. Akajaribu kutua, ndege ikagonga, akaumia vibaya. Alipochapisha habari hiyo Marekani mwaka 1942, kwenye jarida la Saturday Evening Post, kichwa kiliwafanya wasomaji waamini ametunguliwa juu ya Libya. Ilikuja kuwa mwaka 1986, katika kitabu chake Going Solo, ndipo alipoeleza ajali yenyewe ilivyokuwa. Unaona? Wasomaji wa wakati wa vita walitaka adui, wakapewa adui. Miaka 70 baada ya Wolfe kuanguka, watazamaji wanataka mlio, nao wakapewa mlio.

Shairi lililokwenda kinyume

Sasa ndipo anaingia Seamus Heaney. Alizaliwa mwaka 1939 kwenye shamba la Mossbawn, jimbo la Derry, umbali mdogo tu kutoka Inishowen, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1995, akafariki 2013. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Death of a Naturalist cha mwaka 1966, kinafunguliwa na shairi liitwalo Digging, yaani kuchimba.

Sitanukuu, maana shairi linataka kusomwa zima. Lakini nitaeleza muundo wake, kwa sababu humo ndimo ilimo hoja yangu. Msemaji ameketi dirishani na kalamu mkononi. Mwanzoni kabisa, kalamu hiyo inafananishwa na bunduki. Chini ya dirisha baba yake anachimba. Msemaji anamkumbuka baba akivuna viazi, halafu anamkumbuka babu akikata mboji kinamasini. Anakiri kwamba yeye hana sepeto la kuwafuata watu hao. Ana kalamu tu. Na mwishoni anaamua kwamba kalamu hiyo ndiyo atakayochimbia. Ukirudi kutazama, bunduki ya mwanzo imeondoka! Hakuna aliyeifukuza. Imezidiwa na jembe kimyakimya, beti kwa beti.

Weka kazi hizo mbili sambamba. Shairi linaanza na bunduki na kuishia na jembe. Filamu inaanza na jembe na kuishia na bunduki. Zote zimetumia kinamasi kilekile cha kaskazini mwa Ayalandi, lakini zimekipitia kwa kupishana, moja inakwenda, nyingine inarudi.

Wengine watasema, aa, mhakiki, umezidi. Kipindi cha televisheni hakina deni kwa mshairi. Sawa, hakina. Lakini kina deni kwa ardhi kinayoichimba, na ardhi ile si ardhi ya kawaida.

Bunduki ikitoka ardhini, nani anasikia?

Ayalandi ya Kaskazini ilipita miaka 30 hivi ya umwagaji damu, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani wa 1998. Donegal iko upande wa pili wa mpaka, ndani ya Jamhuri, lakini mpaka wenyewe uko karibu kiasi kwamba maumivu hayakuhitaji pasipoti. Katika miaka hiyo silaha zilifichwa ardhini, na ilikuwa mwaka 2005 tu ndipo ilipotangazwa kwamba IRA imesalimisha silaha zake. Kuna jambo zito zaidi. Wako watu waliotekwa, wakauawa na kuzikwa kwa siri. Huko wanaitwa “waliotoweshwa.” Mwaka 1999 serikali za Uingereza na Ayalandi ziliunda tume maalumu ya kutafuta mabaki yao. Na wanatafutwa wapi? Aghalabu kwenye vinamasi vya mboji, kwa katapila na sepeto, sentimita kwa sentimita, familia zikisubiri pembeni. Baadhi wamepatikana. Wengine mpaka leo, hapana.

Kwa mtu wa nchi hiyo, basi, katapila lililosimama kinamasini si picha tupu. Na bunduki inayotolewa kwenye mboji ikiwa bado inalia si ajabu ya sayansi peke yake. Filamu ilikuwa na nafasi ya kulisema hilo, hata kwa dakika mbili. Furaha ya Athlone ingekuwa na kivuli, na kivuli kingeipa uzito.

Heaney alikwisha kukiona kivuli hicho mapema. Baada ya shairi lake Bogland la mwaka 1969, ambamo kinamasi ni kumbukumbu ya taifa inayotunza mifupa ya paa mkubwa wa kale pamoja na siagi, alikutana na kitabu cha Mdenmaki P. V. Glob kuhusu miili ya watu wa kale iliyopatikana vinamasini. Humo alimwona Mtu wa Tollund, aliyepatikana Denmaki mwaka 1950 akiwa na kamba shingoni, uso wake umetunzwa vizuri mno hivi kwamba waliomkuta walidhani ni mauaji ya juzi na wakaita polisi. Alikuwa na zaidi ya miaka 2000. Heaney akaandika mashairi akiwalinganisha wahanga wale wa kale na wahanga wa nyakati zake, hasa katika kitabu cha North cha mwaka 1975.

Na yeye naye hakusalimika. Ciaran Carson, mshairi mwenzake wa Belfast, alimshambulia mwaka huohuo akisema, kwa kifupi, kwamba anaipamba damu kwa visasili, kana kwamba mauaji ya mtaani ni ibada ya kale isiyoepukika. Ni shutuma kali, na mimi naiheshimu. Kinamasi kinamshawishi kila msimulizi, kila mmoja kwa njia yake. Mshairi anashawishika kukifanya hekalu. Mtu wa televisheni anashawishika kukifanya sanduku la zawadi.

Mhusika aliyesahaulika: ahadi

Kama kilele si bunduki, kilikuwa wapi? Nakwambia kilikuwa wiki mbili baada ya ajali.

Wolfe alianguka upande usiofaa wa mpaka. Nchi iliyokuwa ikiitwa Eire haikuwa upande wowote katika vita ile. Askari wa nchi yoyote aliyeangukia humo alizuiliwa. Naye akapelekwa kambi ya Curragh, jimbo la Kildare, ambako Waingereza na Wajerumani walizuiliwa jirani kwa jirani. Maisha yalikuwa ya ajabu kidogo. Wafungwa waliruhusiwa kutoka nje, kwenda baa, kuendesha baiskeli, kuvua samaki, mradi tu mtu atoe ahadi ya heshima kwamba atarudi. Kuta hazikuwa kitu. Kilichowafunga ni neno la mtu.

Sasa tazama kalenda. Wolfe ameanguka Novemba 30. Desemba 7 Wajapani wanaishambulia Pearl Harbor, na nchi ya Wolfe, ambayo yeye aliitangulia vitani kwa kujitolea chini ya bendera ya wengine, inaingia vitani rasmi. Yeye yuko Curragh, anaruhusiwa kuvua samaki! Desemba 13 akatoka kambini, akala hotelini bila kulipa, akafika Dublin, akapanda treni kwenda Belfast, na muda si mrefu akawa amerudi Eglinton, kituoni kwake.

Ungetegemea wampokee kwa shangwe. Wakubwa wake Waingereza wakatazama jambo lile, wakapima gharama ya kuiudhi nchi jirani isiyofungamana, wakamrudisha. Ndiyo, wakamrudisha wenyewe Curragh. Jaribio jingine la kutoroka halikufua dafu, na alibaki huko mpaka mwaka 1943.

Hii ndiyo hadithi, jamani! Hapa kuna mgogoro wa ndani na wa nje, kuna wajibu mbili zinazogombana ndani ya kifua kimoja. Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini je, deni kwa mlinzi wa kambi linazidi deni kwa nchi iliyoshambuliwa? Na wale waliomrudisha, walitetea heshima au walitetea siasa? Mwandishi wa riwaya angeweza kukaa na swali hilo kurasa mia tatu. Snow anakisimulia kisa hiki, tena kwa ucheshi mzuri, lakini anakipa nafasi ya kichekesho cha njiani. Mimi nakiona ndicho uti wa mgongo. Wazee wetu wa majahazi walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wolfe alikwenda tezi, akaenda omo, akarejeshwa ngamani na watu wa chombo chake mwenyewe.

Na tope lina nafasi yake humo, ukitafakari. Ndege ilizama upande ule ule wa mpaka uliomfunga mwenye ndege. Yeye aliachiwa 1943. Ndege ikakaa kizuizini mpaka 2011.

Jina ubavuni

Kuna herufi nyingine filamu inazigusa na kupita. Spitfire P8074 ilikuwa na jina: Garfield Weston. Huyo alikuwa tajiri wa mikate na biskuti mzaliwa wa Kanada, mbunge katika bunge la Uingereza, aliyetoa pauni 100,000 mwaka 1940 kununulia ndege. Mchangaji mkubwa aliruhusiwa kuipa ndege jina. Ndiyo njia moja ya historia kujua jina la mtu: analipa.

Lakini pauni zilitoka hata kwa wasio na viwanda. Kikosi namba 72 cha jeshi la anga la Uingereza kiliitwa Basutoland, kwa sababu ya mchango wa watu wa nchi ambayo leo ni Lesotho. Kikosi namba 249 kiliitwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Waafrika waliotawaliwa walilipia ndege za mtawala wao, na kilichobaki ni jina la koloni, si la mtu. Hakuna mfugaji wa milima ya Lesotho ambaye jina lake litasomwa siku kipande cha bati kitakapofukuliwa. Sisemi Dig WW2 ilipaswa kuhamia Maseru. Nasema kwamba bati lenye jina ni maandishi, na maandishi yanataka kusomwa mpaka pale yanapokuwa kimya.

Kinamasi chenye mtu ndani

Kuna sababu moja iliyofanya uchimbaji wa Donegal uwezekane kuwa sherehe: rubani aliokoka. Aliishi mpaka 1994, na alirudi angani katika vita vya Korea na Vietnam. Shimo halikuwa kaburi.

Si kila shimo liko hivyo. Machi 2017, karibu na Birkelse, kaskazini mwa Denmaki, mvulana wa miaka 14 alipewa kazi ya shule kuhusu Vita Kuu ya Pili. Babu yake aliwahi kusema kwamba ndege ya Kijerumani ilianguka shambani mwao. Baba na mwana wakachukua kifaa cha kutambua chuma, wakaingia kwenye ardhi ya majimaji nyuma ya nyumba, kama mchezo. Wakakuta Messerschmitt. Na ndani yake wakakuta mifupa ya rubani, pamoja na vipande vya nguo zake na vitu alivyokuwa navyo. Polisi wakaja, kama walivyokuja kwa Mtu wa Tollund miaka 67 kabla, katika rasi ileile ya Jutland.

Hapo hakuna mtu aliyefikiria kufyatua bunduki. Mifupa ikitokea, msuko unajibadilisha wenyewe na sauti zinashuka. Uingereza hata wameiwekea sheria. Tangu 1986, mabaki ya ndege za kijeshi nchini humo yanalindwa, na kuchimba bila kibali ni kosa, na kibali kwa kawaida hakitolewi pale inapodhaniwa mwili wa mtu ungalimo. Sheria hiyo inamwambia mchimbaji: kabla ya kuuliza kuna nini, uliza kuna nani.

Ndilo swali ninalolikosa Donegal, ingawa hakukuwa na maiti. Kulikuwa na mtu aliyetoa ahadi. Kulikuwa na wanakijiji wa Inishowen ambao kwao vita vya wengine vilianguka kutoka mawinguni siku ya Jumapili. Kulikuwa na familia zinazosubiri mashimo mengine yafunguke. Hao wote wangekuwa wahusika.

Hukumu

Je, nikushauri uitazame Dig WW2? Ndiyo, bila kusita. Kama hujawahi kuona jinsi udongo unavyoweza kushika kitu kwa miaka 70 na kukirudisha, utajifunza. Sehemu ya uchimbaji ni bora kabisa, na furaha ya wale watu waliojaa matope ni ya kweli, haikuigizwa.

Ila fuata utaratibu huu. Kwanza itazame filamu mpaka mwisho, usikie na mlio wa Athlone. Kisha zima. Tafuta shairi la Digging ulisome kwa sauti, halafu Bogland. Halafu rudi kwenye kisa cha Wolfe na tarehe zake mbili, 30 Novemba na 13 Desemba, uzipime mwenyewe. Mwishowe amua ni kitu gani kati ya vilivyotoka kwenye shimo lile kilistahili kuwa kilele.

Mimi nimeshaamua. Ningeifunga filamu na ile kofia ya ngozi. Imetengenezwa kukaa kichwani mwa mtu mmoja, nayo ilikwenda chini mwenyewe akiwa anateremka kwa mwavuli, mzima, kuelekea kwenye ahadi ambayo angeivunja baada ya siku 13. Haitoi mlio wowote. Lakini ukiitazama kwa muda, swali linalokujia ni la mtu, wala si la chuma.